Jina Nililoliita Kabla ya Gitaa

Santuri yangu ya kwanza na bendi mpya ina nyimbo kumi, na katika wimbo wa kumi nimelitaja jina la mwanamume niliyeapa kutomtaja tena. Halifutiki. Hata leo ukiweka sindano mahali pake utanisikia nikiliita kwa furaha yote, kana kwamba hakuna lililotokea kati yetu.

Mwanamume huyo alikuwa mume wangu, na alikuwa mpiga gitaa. Bendi ilikuwa yake. Magitaa yalikuwa yake, ampli zilikuwa zake, hata jina la bendi alilitunga yeye. Kwa desturi ya wanamuziki wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na anayetoka hutoka mikono mitupu. Nyimbo alizoimba hubaki nyuma pamoja na viti. Niliimba naye miaka sita. Halafu siku moja akaleta mwimbaji mwingine, binti mwembamba mwenye meno mazuri, akaniambia mimi nisimame nyuma yake nitikise manyanga. Niliyatikisa wimbo mmoja mzima, kwa sababu nilitaka kuona kama nitaweza. Sikuweza. Niliyaweka juu ya kiti, nikatoka, nikaenda kwa baba yangu na kikwembe tu, kitenge kilichokuwa mwilini.

Hakunifuata. Alibaki kwenye baa yake pale mtaa wa Manika, na kila aliyemuuliza alimjibu vilevile: "Atarudia. Yee hana na fasi ya kwenda."

Maneno hayo, kwamba nitarudi kwa kuwa sina pa kwenda, yaliniuma kuliko kuachana kwenyewe, kwa sababu yalikaribia kuwa kweli. Mwanamke mwimbaji, ameachika, tena mwimbaji wa roki, nani angemchukua? Maana sisi hatukuwa watu wa bolero, zile nyimbo laini za dansi. Vijana wa mgodini walikuwa wakisikiliza redio za ng'ambo ya mpaka, Zambia, ambako magitaa yalinguruma, nasi tukaupenda mngurumo ule. Serikali kwa upande wake ilitaka tuwe Wazaire halisi: suruali kwa wanawake marufuku, wigi marufuku, majina ya ubatizo marufuku. Basi tuliimba roki kwa Kiswahili, ndani ya vikwembe vipande vitatu, tukiitana citoyen na citoyenne, raia kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza. Wanaosema roki ni ya wazungu hawakutuona siku hizo.

Miezi minne niliimbia masufuria ya baba. Kisha redio yake ikafa, akamwita fundi wa umeme wa kampuni ya mgodi, kijana mpole aliyekuwa akitengeneza redio za watu baada ya zamu yake. Fundi akawa amepiga magoti mbele ya redio, mimi naosha vyombo na kuimba. Akageuka, akaniita yaya, neno letu la kumwita dada au kaka mkubwa.

"Yaya, si weye njo ulikuwa unaimba kule Manika? Sasa uko unaimbia masafuria?"

"Masafuria hayanigombeze," nikamjibu.

Ikatokea kwamba naye alikuwa na gitaa. Alikuwa pia na kisanduku alichokitengeneza mwenyewe ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa vipande vya redio zilizokufa. Ukipitisha gitaa humo, linatoa sauti kama nyuki ndani ya debe. Alikuwa na haya kiasi kwamba alipiga akiutazama ukuta. Lakini alivyopiga! Aliwaleta wenzake wawili wa karakana, mmoja wa besi, mmoja wa ngoma, tukaanza mazoezi nyuma ya nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi, kila alasiri, king'ora cha mgodi kikishalia na mama yake akishaanua mihogo yake ili isiingie vumbi la miguu yetu.

Tukatunga nyimbo kumi. Zangu mwenyewe, si zile zilizobaki na viti. Niliona wazi nini kiko mbele yangu. Santuri ile ikitoka na watu wakaipenda, ningekuwa mwimbaji mwenye bendi yake, na neno "atarudia" lingemfia mdomoni yule bwana. Ikiharibika, sikuwa na njia nyingine: ningevuka barabara ya Manika mchana kweupe, watu wakiangalia, nikayashike tena manyanga.

Studio iliyotukubali ilikuwa Lubumbashi, na aliyetupeleka alikuwa baba, kwa lori lake. Baba yangu alikuwa Mwislamu, mtu wa Kasongo, msafirishaji wa unga na chumvi. Hakuwahi kunisikia nikiimba mbele za watu, wala hakukusudia. "Mi niko nabeba mizigo," alisema. "Mambo ya muziki siijue." Hata hivyo alizipanga ampli zetu, alizoziunda fundi, kati ya magunia kwa mkono wake mwenyewe, akazifunika turubai mara mbili, na magunia yake ya unga akayafunika mara moja.

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la redio, kuta zimetundikwa mablanketi. Mwenyewe alikuwa mzee Mgiriki, mvuta sigara, mtu wa maneno machache. Alitueleza kazi yake kwa dakika moja. Tunapiga wote kwa pamoja, sauti na vyombo vinaingia kwenye kanda moja, na kinachoingia hakitoki. Mikebe ya kanda ilikuwa miwili. Siku ilikuwa Jumapili, na wanaume wangu watatu walitakiwa zamu ya Jumatatu jioni kule Kolwezi.

Nyimbo tisa zilikwenda vizuri. Nazungumza kwa unyenyekevu. Kwa kweli zilikwenda vizuri sana. Nilikuwa nimevua viatu, koo limefunguka, na nilianza kuwaza vile nitakavyopita Manika na santuri kwapani, polepole, bila kutazama kushoto.

Hapa lazima nieleze desturi moja. Katika muziki wetu, mpiga gitaa haanzi tu solo yake, pale gitaa linapotamba peke yake, kama mtu anayeingia sokoni. Mwimbaji humwita. Anamaliza ubeti wa mwisho, kisha analitamka jina lake, kwa nguvu, na jina hilo ndilo mlango. Usipomwita, mtu mwenye adabu anaendelea na mdundo, anakungoja. Na ukimwita, kila mtu ndani ya ukumbi anajua nani anapiga na wewe unamthamini kiasi gani.

Wimbo wa kumi ulikuwa ule nilioupenda kuliko yote. Niliuimba macho yamefumbwa. Ubeti wa mwisho ukaisha, nikavuta pumzi, nikaita.

Nikaita jina la mume wangu.

Miaka sita nilikuwa nimeliita mahali hapohapo, kila Jumamosi na kila Jumapili, na mdomo wangu ulikwenda wenyewe kama mguu unavyotafuta ndara chini ya kitanda. Nilifumbua macho. Fundi alikuwa ameacha kupiga. Mkono wake ulikuwa hewani, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatazama ukuta, alikuwa ananitazama mimi. Besi na ngoma ziliendelea peke yake. Pigo moja, la pili, la tatu, la nne. Halafu mkono ukashuka, kisanduku kikanguruma, na ikatoka solo ambayo sikuwahi kumsikia akiipiga mazoezini, wala sikujua kwamba alikuwa nayo. Ilikuwa na hasira, na ilikuwa nzuri mno.

Tulipomaliza, Mgiriki alinyanyua mkebe mtupu. "Terminé," akasema. Nikamsihi turudie. Akatikisa kichwa: kanda imekwisha, na kwa maoni yake huo ndio wimbo bora wa siku nzima. Wa besi alijifanya anakunja waya. Wa ngoma alikohoa kikohozi kisichokuwepo.

Njia nzima ya kurudi fundi alikaa juu ya magunia, akiitazama barabara tuliyoiacha. Tulipofika Fungurume baba alisimamisha lori ili aswali, nasi tukanunua mihogo ya kuchoma na karanga. Nikampelekea fundi sehemu yake, nikamwambia ninavyoona aibu, kwamba ni mazoea tu, hakuna kingine.

"Haina neno, yaya," alisema. "Wakati balibadilisha majina, baba yangu alimaliza mwezi muzima anaitika jina ya zamani. Bantu banakosa."

Alisema hivyo, kwamba watu hukosea, akala mihogo, nami nikaamini kwamba yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mazoezi ya kwanza baada ya safari tulifika kwenye solo, nikaliita jina lake, lake kabisa, kwa sauti ambayo hata majirani walisikia. Hakuingia. Aliendelea na mdundo kana kwamba sikusema kitu, ameukazia macho ukuta. Nikaita tena. Mdundo. Mazoezi ya pili vilevile, na ya tatu. Hakununa, hakutukana, alikuja kwa wakati na kunisalimu kwa heshima. Ila mlango niliomfungulia hakuupita. Wa besi akaanza kusema ana kazi nyingi nyumbani. Bendi yangu ilikuwa inaniponyoka kabla hata santuri haijafika, na kosa lilikuwa la mdomo wangu mwenyewe.

Kanda ilikuwa imevuka mpaka kwenda kiwandani kugeuzwa santuri, nazo zilirudi baada ya wiki nyingi, zimefungwa kwa karatasi ya kahawia. Nilizipokea kama mtu anayepokea barua ya hospitali. Redio ikachukua wimbo wa kumi. Si wa kwanza, si wa tano: wa kumi. Baa za Manika zikaufuata, na haukupita muda jina la mume wangu lilikuwa likitoka kwa sauti yangu kila kona, asubuhi sokoni, adhuhuri kwa kinyozi.

Watu wakafikiri yeye ndiye aliyepiga, na kwa nini wasifikiri hivyo? Ameitwa, gitaa likaja. Wakamshika mkono barabarani. Naye akasema nini? Akatabasamu, akanyanyua kidole: "Si nilisema? Atarudia."

Siku hizo sikutaka kwenda sokoni. Hata baba, ambaye hajui mambo ya muziki, aliniita alipotoka safari. Alikuwa bado na vumbi la barabara kwenye nyusi.

"Mama, ku Fungurume niliisikia ile disque yako. Sauti iko yako kabisa. Ile jina, juu ya nini iko pale? Uko unarudia kwake?"

"Hapana, tata. Nilikosea."

Akajipangusa nyusi. "Sauti ni muzuri," akasema, akaenda kutawadha. Nilikaa palepale nikalia, nusu kwa uchungu na nusu kwa sababu baba alikuwa amesikiliza.

Basi alasiri moja tukawa kwenye mazoezi, yale mazoezi yetu ya ubaridi, nami nimekaa juu ya kreti la bia nikifikiria jinsi ya kuwaambia kwamba tuache. Mara akaingia uani mume wangu. Alikuwa amevaa abakosi, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi, na begani alibeba gunia la unga lenye kitu kirefu ndani. Nilijua amekuja kunichukua mbele ya watu wangu, nikaanza kupanga maneno, makali kwanza, makali zaidi baadaye.

"Jambo, mama," alinisalimu.

Na akanipita. Nakiri niliudhika, nilikuwa nimekwisha kupanga vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi, akafungua gunia, akatoa gitaa lake. Alilificha humo ili Manika wasimwone akilipeleka kwenye uwanja wa mwingine.

"Mudogo yangu," akasema, na jasho lilikuwa linamtoka, "bantu banakwisha kunisumbua. Kila matinée ya Jumapili banalomba ile solo. Banasema njo mi nilipiga. Najaribu, najaribu, nashindwa."

"Si weye njo uliwaambia ulipiga?" nikadakia.

"Sikuwaambia. Nilinyamaza tu."

Wa ngoma alicheka mpaka fimbo moja ikamwanguka. Fundi hakucheka. Aliuvuta ubao, akamkalisha mgeni, akaanza kumfundisha, sauti kwa sauti, kidole kwa kidole. Nilimwona yule mtu aliyekuwa mkubwa wa Manika ameinama juu ya nyuzi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, anahesabu kama mwanafunzi. Nikajipima moyoni, kwa uangalifu, kama mtu anayegusa jino lililokuwa likiuma. Hapakuuma. Hapakuwa hata na hasira, wala hamu. Nilimwonea huruma kidogo, na huruma hiyo ilikuwa nyepesi.

"Hapa," mume wangu akauliza, "yaya akisha kuita jina, unaacha. Mapigo ine. Pale uko unafanya nini? Uko unahesabia namna gani?"

"Sihesabu kintu," fundi akajibu. "Pale nilikuwa najiuliza kama nirudie ku nyumba."

Wa ngoma aliacha kucheka. Mume wangu aliondoa mkono kwenye nyuzi, akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Na juu ya nini ulibakia?"

"Wimbo ulikuwa muzuri," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Yaya aliimba muzuri. Ningeenda, ungekufwa."

Nilishindwa kukaa. Niliinuka nikajifanya nachota maji kwenye pipa la mama yake, na nikachota mengi kuliko yaliyohitajika. Kumbe siku zote hizo nilikuwa nikilisikia jina tu. Sikuwahi kuusikia ule ukimya uliolifuata, mtu mmoja akiamua kubaki kwa ajili ya wimbo wangu, na mimi ndiye niliyemtukana.

"Nitakufundisha yote," fundi akaendelea, "na kisanduku nitakutengenezea. Ila kintu kimoja, yaya. Ukipiga kule kwako, mwimbaji yako, mbele ya solo, aite jina yangu."

Yule bwana alikaa kimya, na ukimya wake ulizidi mapigo manne kwa mbali. Kwenye baa yake, kwa magitaa yake, mbele ya watu wake. Mwishowe akakubali kwa kichwa.

Alipokuwa anatoka alisimama mbele yangu, gunia begani.

"Nilizania utarudia," alisema.

"Najua."

"Hautarudia."

"Hapana."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu nilipoweka manyanga juu ya kiti. Tukarudi kwenye wimbo wa kumi hapohapo, sikuwaacha hata wanywe maji. Ubeti wa mwisho ukaisha, nikaliita jina la fundi, na sikulipigia kelele mara hii, nililitamka tu kama unavyomwita mtu aliye karibu. Akaingia. Alipofika katikati aligeuka, akauacha ukuta, akapiga akitutazama, uso wote umelowa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nikitoka soko la Manika na sombe, majani ya muhogo, kichwani. Ilikuwa Jumapili, na njia yangu ilipita mbele ya ile baa, ambayo kwa miezi nilikuwa nikiizunguka. Nikapita mbele yake tu, maana jua lilikuwa kali na sikuona tena sababu ya kuzunguka. Ndani matinée, dansi ya mchana, ilikuwa imepamba moto. Yule binti mwembamba alikuwa anaimba wimbo wangu, na anaimba vizuri, sitamnyima haki yake. Nikasimama chini ya jua na mzigo wangu. Ubeti wa mwisho ukaisha, na binti akaita, kwa sauti ya kuamsha kambi nzima, jina la fundi wangu.

Watu wakanong'ona, wakaulizana. Gitaa likanyamaza. Besi na ngoma zikabaki peke yake, nami nikahesabu pale barabarani: moja, mbili, tatu.

Kwenye la tatu yule bwana akaingia, la nne hakulisubiri. Hakujua kungoja, hajawahi kujua. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, mama, nimepona. Kisha nikaiweka sombe yangu vizuri kichwani nikaenda nyumbani, kwa sababu saa tisa nilikuwa na mazoezi.